Tangi la joto kwa nyumba ya baridi: jiko moja la kuni, maji ya kuoga na sebule

Huku Njombe, Juni na Julai maji ya bomba asubuhi yanauma vidole. Jiko la kuni linawaka kutwa, halafu jioni mtu anabandika sufuria ya maji ya kuoga upya. Tangi la joto linaweka akiba ya joto hilo. Jambo ambalo wateja hunibishia ni hili: maji yaliyomo tangini huyaogi. Yanakaa humo humo, kazi yake kubeba joto tu. Ya kuoga hupita katikati yake, ndani ya koili ya shaba, yaani bomba lililozungushwa kama springi.

Hatua ya 1: Tangi. Lita 200, refu na jembamba, lisimame wima ili maji ya moto yabaki juu na ya baridi chini. Kuyatoa nyuzijoto 20 hadi 60 ni akiba ya yuniti 9 na ushee za umeme.

Hatua ya 2: Mahali. Kitako cha tangi kiwe juu kuliko boila ya jiko, yaani kisanduku cha maji kinachopashwa na moto wa jiko. Maji ya moto ni mepesi, yatapanda yenyewe bila pampu. Bomba la inchi moja lipande mfululizo hadi ubavu wa juu wa tangi. Jingine lishuke kutoka chini ya tangi kurudi kwenye boila. Kazi yangu ya kwanza niliacha mgongo mdogo kwenye bomba ili kukwepa boriti. Hewa ikajikusanya pale, maji yakagoma kuzunguka, jiko likagonga kama kuna mtu ndani na nyundo. Nilibomoa ukuta kwa gharama yangu.

Hatua ya 3: Kupumua. Hapa usiharakishe. Kitanki cha boya, kinachojijaza maji chenyewe na kujifunga, kikae juu ya tangi na kulilisha kwa chini. Lita 200 zikipanda kutoka nyuzijoto 20 hadi 80 huongezeka kama lita 5, na lazima ziwe na pa kwenda. Kwa hiyo toa bomba kileleni mwa tangi, lipande hadi juu ya kitanki, mdomo wazi. Lisiwekwe koki wala kuzibwa hata kwa muda. Kati ya boila na tangi pia usiweke koki: mtoto akiifunga moto ukiwaka, maji yanageuka mvuke unaotaka nafasi mara 1,600 hivi, na boila itapasuka. Fundi akisema koki itarahisisha usafishaji, mpe nauli arudi kwao.

Hatua ya 4: Koili. Shaba ya milimita 22, mita 15 hivi. Maji baridi yaingie chini, yatokee juu, kisha yapite kwenye vali ya kuyachanganya na maji baridi, iliyosetiwa nyuzijoto 42. Tangi likifika 75, bila vali hiyo mtu atababuka.

Hatua ya 5: Blanketi. Nyuzi za kioo, sentimita 10, pande zote na kifuniko. Magunia hayatoshi, nimeshajaribu.

Hatua ya 6: Sebule. Radieta moja ya kupasha chumba, na pampu ndogo ya kuzungusha humo maji ya tangi. Themostati iikate pampu tangi likishuka chini ya 50, la sivyo sebule itakula joto la maji ya kuoga.

Hatua ya 7: Kuwasha. Jaza tangi kwanza, subiri boya lifunge. Washa moto mdogo, shika bomba la juu. Baada ya dakika chache liwe na joto, la chini likiwa bado baridi. Jiko likinguruma na la juu halijapata joto, toa kuni, kisha katafute mgongo.