Somo: Kuvuka Marekani kwa Motohomu Mwezi wa Januari, Kutoka Minneapolis Hadi Quartzsite

Somo hili nimeliandaa kwa ajili ya wenzetu waishio Minnesota, Iowa na majimbo ya jirani, ambao wameniuliza kwa nyakati tofauti namna ya kuikimbia baridi kwa motohomu, yaani gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, hadi Quartzsite, mji mdogo kwenye jangwa la Arizona. Niliendesha lori katika barabara hizi kwa miaka tisa, na baada ya hapo mimi na mke wangu tumeifanya safari hii mara tatu kwa motohomu ya petroli yenye urefu wa mita 8.8, tuliyoinunua ikiwa kuukuu. Mengi ninayoyaeleza hapa nilijifunza kwa kukosea.

Kuna jambo moja ambalo maandalizi mengine yote yanaliegemea: wakati wa baridi, siku za kukaa hupangwa kabla ya siku za kwenda. Karibu kila bomba lililopasuka na kila gari lililotumbukia mtaroni ambalo nimelishuhudia lilikuwa la mtu aliyekuwa anaiwahi tarehe fulani.

Hatua ya kwanza: Chagua njia kwa kutazama mwinuko

Ramani ya simu itakupa njia fupi, na njia fupi mara nyingi hupita milimani. Barabara ya I-80 katika jimbo la Wyoming, hasa kati ya Laramie na Rawlins, hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya theluji inayopeperushwa na upepo, na hata inapokuwa wazi, magari mepesi yenye kimo kirefu kama yetu huzuiwa upepo unapozidi. I-70 katika Colorado hupanda hadi karibu mita 3,400 kwenye handaki la Eisenhower. Sipeleki motohomu huko mwezi wa Januari, na simshauri mtu apeleke.

Zinabaki njia mbili, na zote mbili huanza kwa kuteremka na I-35 kupitia Des Moines, Kansas City na Wichita hadi Oklahoma City, mwendo wa kilomita 1,270 hivi. Hapo ndipo uamuzi hufanyika. Ukikata magharibi kwa I-40 utapita Amarillo, Albuquerque na Flagstaff, na utaokoa takriban kilomita 400. Watu wengi husikia jina la Arizona wakadhani ni joto mwaka mzima, kumbe Flagstaff iko kwenye mwinuko wa mita 2,100, juu kuliko Nairobi, na theluji yake hupimwa kwa mita wala si kwa sentimita. Ukiendelea kusini hadi Fort Worth, kisha ukashika I-20 na baadaye I-10 kupitia El Paso, Las Cruces na Tucson, barabara haipandi sana kupita mita 1,500, na theluji ikianguka aghalabu huyeyuka baada ya muda mfupi. Jumla ya njia hii ni kama kilomita 3,470. Mimi huishika hii ya kusini, isipokuwa utabiri wa hali ya hewa unapoonyesha siku nne za jua mfululizo kwa Flagstaff na Albuquerque, jambo ambalo kwangu limetokea mara moja tu.

Hatua ya pili: Hesabu siku, na uweke mbili za akiba

Mwanzoni mwa Januari, Minneapolis hupata takriban saa tisa tu za mwanga wa mchana. Ukitoa saa ya kuandaa gari asubuhi na saa ya kutafuta maegesho kabla ya giza, zinabaki saa saba, na motohomu katika barabara yenye unyevu haiendeshwi kama gari dogo. Mimi hupanga kilomita 450 kwa siku, ambazo ni siku nane za kuendesha, kisha naongeza siku mbili ambazo hazina kazi yoyote isipokuwa kusubiri. Siku hizo mbili nazilipia kabisa katika bajeti: gesi yake, maegesho yake na chakula chake. Mtu asiyezilipia mapema huzionea uchungu, na akizionea uchungu ataendesha katika dhoruba ili asizitumie.

Kila jioni nasoma utabiri wa shirika la taifa la hali ya hewa kwa mji ninaouendea, halafu napiga namba 511, ambayo katika majimbo mengi hutoa hali ya barabara. Upepo nautazama kama ninavyoitazama theluji. Kati ya Kansas City na Wichita barabara hukata vilima vya nyasi visivyo na mti wa kukinga, na gari lenye ubavu wa mita tatu husukumwa pale kama jahazi lenye tanga wazi.

Hatua ya tatu: Joto ni gesi na umeme kwa pamoja

Hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi huumbuka.

Katika safari yetu ya kwanza tulilala kusini mwa Des Moines, nje kukiwa na nyuzi 22 chini ya sifuri. Saa tisa usiku nilizinduka kwa sababu ya ukimya. Feni ya hita, ambayo tulilala ikivuma, ilikuwa inajikokota, ikazunguka mara chache na kunyamaza. Pumzi zetu zilikuwa zimeganda upande wa ndani wa kioo cha dirisha, unene wa ukucha. Nikatazama geji ya gesi: zaidi ya nusu ya tangi. Kilichokufa kilikuwa betri. Hita za motohomu huwa na swichi ndogo inayosubiri msukumo wa hewa ya feni kabla ya kuruhusu gesi iwake, hivyo feni ikilegea kwa uhaba wa umeme, gesi iliyojaa tangi haikusaidii kitu. Tuliwasha injini ya gari, tukakaa viti vya mbele na mablanketi hadi asubuhi. Mke wangu hakusema neno, na ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko ule wa feni.

Kwa hiyo piga hesabu zote mbili. Hita ya kawaida ya gari la ukubwa huu huchoma kama theluthi mbili ya kilo ya gesi ya propeni kwa kila saa inayowaka. Usiku wa saa 14, ikiwaka nusu ya muda huo, itakula takriban kilo nne na nusu. Tangi langu hubeba kilo 18, maana yake ni usiku nne, nami hulijaza kila baada ya usiku wa pili. Feni nayo hunyonya kama ampea saba, kwa hiyo saa saba za kuwaka ni karibu ampea-saa 50. Betri moja ya risasi na asidi yenye ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo hita peke yake imeimaliza kabla hujawasha taa. Sasa nina betri nne, na ninapendekeza zisipungue mbili.

Ukipata uwanja wa kambi wenye umeme wa ampea 30, una takriban wati 3,600, zinazotosha kijihita kimoja cha umeme cha wati 1,500 pamoja na chaja ya betri na taa. Hata hivyo usiache kijihita kifanye kazi yote. Katika magari mengi hita ya gesi ndiyo inayopeleka hewa ya moto chini kwenye matangi ya maji, na chumba kikishapata joto la umeme, hita ya gesi huona kazi imekwisha, ikazima, na matangi yakaganda huku wewe umejifunika vizuri.

Hatua ya nne: Safiri bila maji mpaka Texas

Njia yangu ni rahisi kuliko zile za kufunga nyaya za kupasha mabomba joto. Kabla ya kuondoka tunamwaga maji yote, tunalifungia tangi la kupasha maji lisipitiwe, kisha tunasukuma ndani ya mabomba ile dawa ya waridi ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa mahususi kwa magari haya. Msitumie ile ya rejeta ya gari, kwa maana ni sumu. Minnesota, Iowa, Missouri, Kansas na Oklahoma tunazivuka kwa madumu sita ya maji ya kunywa na kupikia yanayokaa ndani tulimo. Choo tunakisukumia nusu lita ya ile dawa. Tunaoga kwenye vituo vikubwa vya malori, ambavyo huuza zamu ya bafu lenye maji ya moto tele.

Tukishapita Fort Worth na utabiri ukaonyesha kwamba mchana hautashuka chini ya sifuri, tunasafisha mabomba na kujaza tangi. Usiku wa jangwani bado unaweza kuganda, ila ni kwa saa chache, na hita inatosha. Vali ya maji machafu ifungwe muda wote na ifunguliwe tu unapomwaga. Ukiiacha wazi, maji kidogo kidogo yataganda ndani ya mpira wa kumwagia hadi yauzibe.

Hatua ya tano: Tairi na vifaa

Upepo wa tairi hupungua takriban psi moja kwa kila nyuzi tano na nusu joto linaposhuka, kwa hiyo ulioupima gereji siyo ulio nao nje. Pima asubuhi, tairi zikiwa baridi. Soma pia tarakimu nne za mwisho ubavuni, zinazoonyesha wiki na mwaka tairi ilipotengenezwa, kwa sababu motohomu hukaa sana na tairi zake huzeeka kabla ya kuisha kashata. Beba beleshi, mchanga, nyaya za kuwashia betri, mablanketi ya sufu na chakula cha siku tatu. Mnamo Januari 2022 theluji iliwanasa madereva kwenye I-95 huko Virginia kwa zaidi ya saa 24, na hiyo ni barabara yenye magari mengi kuliko zetu.

Barabarani, kumbukeni kwamba madaraja hutangulia kuganda, kwa kuwa upepo huyapita juu na chini. Zimeni kile kitufe kinachoshikilia mwendo.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka kwa dada aliyeko Dallas: Sisi tunaanzia Texas na hatupiti kaskazini kabisa. Je, haya yote yanatuhusu?

Jibu: Dada yangu, suala la maji linakuhusu kwa sehemu tu, lakini la barafu linakuhusu kikamilifu. Tarehe 11 Februari 2021, pale Fort Worth, zaidi ya magari 130 yaligongana kwenye I-35W kwa sababu ya barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami, na watu sita wakafariki. Mvua ikinyesha na kipimajoto kikisoma karibu na sifuri, usitoke.

Swali: Shikamoo mzee. Mimi nimeweka betri za lithiamu, na nimeambiwa hazina taabu. Ni kweli?

Jibu: Marahaba kijana. Zinatoa umeme vizuri, na unaweza kuzitumia karibu zote bila kuzidhuru. Tatizo ni kuzichaji: zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kuzichaji huziharibu, na zile zenye ulinzi wa ndani hukataa chaji kabisa. Zihamishie sehemu yenye joto, chini ya kitanda kwa mfano, au nunua zenye kipasha joto chake.

Swali: Mama yangu atasafiri nasi, na anaogopa kulala na gesi inawaka. Nimjibu nini?

Jibu: Mwambie hofu yake ina msingi. Sisi tuliokua na jiko la mkaa tunajua linavyoua watu waliolala milango ikiwa imefungwa, na hewa hiyo hiyo ya monoksidi ya kaboni hutoka kwenye jenereta na kwenye jiko la kupikia. Hita ya motohomu hutoa moshi wake nje kwa bomba, hivyo ni salama bomba hilo likiwa wazi. Theluji ikianguka usiku, toka ukaiondoe kwenye tundu hilo. Jiko la kupikia lisitumike kamwe kupasha chumba, na king'ora cha hewa hiyo kijaribiwe mbele yake kabla ya kulala, aisikie sauti yake mwenyewe.

Swali, kutoka Nairobi: Tunataka kukodi huko huko Marekani. Tuulize nini?

Jibu: Ulizeni kwanza kama mkataba unawaruhusu kutumia maji wakati wa baridi, na nani atalipia bomba likipasuka. Magari mengi ya kukodi katika majimbo ya kaskazini hutolewa yakiwa makavu. Kama safari yenu ni ya jangwani tu, kodini Phoenix au Las Vegas mkaepuke yote haya. Kibali cha kimataifa cha kuendesha kichukueni kabla ya kuondoka, kwa kuwa hutolewa nchini kwenu, na AA ya Kenya hukitoa.

Swali: Yangu ni ya dizeli. Kuna tofauti?

Jibu: Ipo, na hujitokeza wakati wa kurudi. Dizeli ya kawaida huanza kutoa nta kwenye baridi kali na kuziba chujio. Vituo vya kaskazini huuza iliyochanganywa kwa ajili ya majira hayo, lakini ile utakayoijaza Arizona au Texas huenda haikuchanganywa. Ukirudi Machi na tangi lililojaa mafuta ya jangwani, ukalala Iowa kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi gari halitawaka. Panga ufike Oklahoma tangi likiwa robo, ujaze hapo na utie dawa ya kuzuia nta wakati mafuta bado yana joto, kisha ujaze tena Kansas.