Inawaka Lakini Haiwaki: Namna ya Kutafuta Mahali Kompyuta ya Mezani Inapokwama

Wateja wengi hueleza tatizo hili kwa sentensi inayoonekana kujipinga: "Fundi, inawaka lakini haiwaki." Ukiitafakari, sentensi hiyo imesema kweli tupu. Kuwaka kwa kwanza ni kwa umeme, yaani feni zinazunguka na taa ya mbele inang'aa. Kuwaka kwa pili ni kwa kazi, yaani Windows au mfumo mwingine unafunguka. Baina ya hayo mawili mashine hujikagua kwa sekunde chache: huanza na prosesa (ubongo wa mashine), ikaja RAM (kumbukumbu yake ya muda), kisha kadi ya michoro (inayotoa picha), na mwisho hutafuta diski yenye mfumo. Kazi yako ni kujua ukaguzi huo umekatikia wapi kabla ya kushika bisibisi, kwa sababu anayeanza kwa kubadilisha vipuri ovyo huenda akaiponya mashine bila kujua alichoponya, na wiki inayofuata itarudi mezani kwake.

Hatua ya 1: Iwashe, kisha iangalie tu

Washa mashine na uitazame kwa dakika moja kamili. Ikizunguka sekunde moja na kuzima, shuku shoti au pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine). Feni zikiendelea huku skrini ikiwa nyeusi, ukaguzi haukukamilika, au umekamilika lakini picha haifiki kwenye skrini. Ukiona nembo ya mtengenezaji, au maandishi yanayosema hakuna diski ya kuanzia, basi prosesa, RAM na kadi ya michoro zimeshapita ukaguzi. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 7.

Skrini ikiwa nyeusi, bonyeza kitufe cha Caps Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine iko hai na tatizo lina uwezekano mkubwa wa kuwa upande wa picha. Tazama pia ubao mama (bodi kuu inayobeba vipuri vyote) wenyewe: nyingi za miaka ya karibuni zina taa nne ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, na ile inayobaki ikiwaka ndiyo inayokuonyesha kituo ilipokwama. Ubao usio na taa hizo huweza kutoa milio iwapo una kispika, ila maana ya milio hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo isome kwenye kitabu cha ubao huohuo.

Tahadhari moja: ikiwa ndiyo kwanza umeweka RAM mpya ya aina ya DDR5, ubao huweza kuchukua dakika kadhaa ukijipatanisha nayo, skrini ikiwa nyeusi muda wote huo. Anayeizima katikati akidhani imekufa huilazimisha kuanza upya kila mara.

Hatua ya 2: Maliza ya nje kwanza

Ikiwa mashine ina kadi ya michoro, hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi hiyo, wala si kwenye tundu la ubao mama, kwa kuwa baadhi ya prosesa hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Hakikisha skrini imechaguliwa kupokea tundu hilo. Chomoa flashi, printa na kila kitu cha USB isipokuwa kibodi.

Hatua ya 3: Umeme

Feni kuzunguka si ushahidi kwamba umeme ni mzuri. Feni hutosheka na umeme wa volti 12 hata ukiwa dhaifu, ilhali prosesa haivumilii upungufu.

Zima, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi ili umeme uliobaki uishe. Kandamiza upya plagi kubwa ya pini 24, halafu ile ya pini 4 au 8 iliyo karibu na prosesa. Hii ya pili ndiyo husahaulika: isipokaa, feni zitazunguka vizuri kabisa na prosesa haitapata chochote.

Ukiwa na mita ya umeme, pima plagi ya pini 24 mashine ikiwa imewashwa, ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye waya mweusi. Waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa rangi ya chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Waya wa kijivu ni wa kipekee: pawa saplai hupitisha hapo takriban volti 5 kuuambia ubao kwamba umeme umetulia, na bila ishara hiyo ubao hautairuhusu prosesa kuanza. Pawa saplai zenye waya zote nyeusi zipime kwa kufuata mchoro wa pini. Hata hivyo vipimo vizuri havitoshi kuitakasa, kwa maana huweza kushuka mzigo unapoongezeka. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kujaribu pawa saplai nyingine unayojua kuwa nzima. Ikiwa ni ya nyaya zinazochomolewa, chukua na nyaya zake zote, kwani mpangilio wa pini hutofautiana hata kama plagi zinafanana, na kosa hilo huunguza diski. Pawa saplai yenyewe usiifungue: kapasita zake (vipuri vinavyotunza chaji) hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya 4: RAM

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi, kwa sababu hapa ndipo ninapopata majibu mengi. Mashine ikiwa imechomolewa, shika chuma cha kasha ili utoe umeme tuli mwilini, toa vipande vyote vya RAM, na urudishe kimoja tu. Kwenye ubao wenye sloti (matundu marefu ya RAM) nne, mara nyingi sloti sahihi ya kipande kimoja ni ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kandamiza hadi usikie mlio wa kubana. Iwashe, isipokubali, jaribu kipande kingine katika sloti ileile, kisha kipande kilekile katika sloti nyingine. Badilisha kitu kimoja kwa kila jaribio, la sivyo hutajua kama kibovu ni kipande au sloti.

Meno ya dhahabu yakiwa yamefifia, yasugue polepole kwa kifutio cheupe cha penseli, kisha yapanguse kwa spiriti isiyo na maji mengi na uache yakauke. Sloti pia imulike kwa tochi. Niliwahi kupoteza nusu siku kwa mashine iliyokataa vipande vitatu vizima. Kilichoizuia kilikuwa unywele mmoja wa brashi yangu mwenyewe, umelala kwenye sloti niliyokuwa nimeifagia asubuhi.

Hatua ya 5: Rudisha BIOS katika hali yake ya awali

BIOS ni programu ya ubao mama inayoongoza ukaguzi ule wa mwanzo. Chomoa umeme, toa betri ya duara ya CR2032, subiri dakika tano, uirudishe. Betri mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo. Ikiwa chini ya 2.8 mimi huibadilisha. Fahamu kwamba kufuta mipangilio huweza kubadilisha namna diski inavyosomwa, na diski iliyofungwa kwa BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data) huenda ikadai ufunguo wake wa uokoaji. Muulize mwenye mashine kama anao kabla ya kugusa betri.

Hatua ya 6: Ipunguze hadi mifupa

Utoe ubao nje ya kasha na uulaze juu ya kadibodi kavu, ukiwa na prosesa, kipozeo chake, kipande kimoja cha RAM na pawa saplai tu. Ongeza kadi ya michoro ikiwa prosesa haitoi picha. Gusanisha pini mbili za kuwashia (zile zinazopokea waya wa kitufe cha kuwashia) kwa ncha ya bisibisi. Ikiwaka hapo na ilikataa ndani ya kasha, tafuta nguzo ndogo ya shaba (ya kuubebea ubao ndani ya kasha) iliyobaki mahali pasipo na tundu la skrubu, ikiugusa ubao kwa nyuma na kupiga shoti. Ikikataa, tazama kapasita zilizovimba vichwa, kisha inua prosesa na ukague pini zilizopinda.

Hatua ya 7: Picha ipo, mfumo hauji

Ingia BIOS. Diski isipoorodheshwa, badilisha waya wake wa data na tundu lake. Diski ya M.2 (ile bapa inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao) itoe na uirudishe, ukikumbuka kwamba kwenye baadhi ya ubao sloti hiyo ikitumika huzima tundu fulani la SATA (la waya wa data wa diski). Ikiorodheshwa, iweke ya kwanza katika mpangilio wa kuanzia, na uangalie kwamba Windows iliyowekwa kwenye diski yenye mpangilio wa GPT inaanzishwa kwa UEFI (aina mpya ya BIOS), si kwa njia ya zamani. Diski inayogonga tik-tik usiiwashe tena na tena kwa majaribio: ichomeke kwenye kompyuta nyingine, nakili mafaili ya mteja kwanza, na flashi ya kukarabati Windows itumike baada ya hapo.