Jina linaloieleza bidhaa halisajiliki: lichunguze kabla hujachapisha lebo

Mkaanga kahawa wa Moshi akipeleka BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni) jina "Kahawa Safi ya Mlimani" ili lisajiliwe kama alama ya biashara, ajiandae kupokea barua ya kukataliwa. Jina lenyewe halina ubaya. Tatizo ni kwamba kila mwenye kahawa, kuanzia Marangu hadi Machame, anayahitaji maneno hayo hayo ili amweleze mteja anachouza. Msajili akimpa mmoja, amewafunga mdomo wengine wote.

Huo ndio msingi wa Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986. Alama husajiliwa ikiwa inaweza kutofautisha bidhaa za mwenyewe na za watu wengine. Neno linalotaja aina ya bidhaa, ubora wake, kazi yake au mahali inakotoka humwambia mnunuzi kilichomo ndani ya pakiti, lakini halimwambii ni cha nani.

Kipimo kizuri hakihitaji wakili. Chukua jina lako, libandike kichwani mwako kwenye pakiti ya mshindani. Je, bado lingekuwa kweli? "Asali ya Nyuki Wadogo" ni kweli kwenye chupa ya yeyote anayerina asali ya nyuki hao, kwa hiyo linaeleza. "Kinyonga" kwenye chupa ile ile halisemi chochote kuhusu asali, kwa hiyo lina nafasi.

Neno hupimwa pamoja na bidhaa yake, wala si peke yake. Angalia "Safari". Kwenye chupa ya bia ni jina imara, maana bia si safari. Liweke kwenye ofisi ya watalii pale Arusha, linageuka kuwa jina la kazi yenyewe, na hapo hakuna wa kulimiliki. "Ndovu" vivyo hivyo: ni zuri kwa bia, lakini kampuni inayopeleka wageni kuangalia tembo ijiandae kwa maswali.

Kuna ujanja ambao watu huujaribu na hauwasaidii. Wa kwanza ni kuharibu tahajia: "Kahwa", "Asalii". Sikio linasikia neno lile lile, na Msajili naye analisikia. Wa pili ni kukimbilia lugha nyingine. Kuiita kahawa "Buna" ni kuiita kahawa kwa Kiamhari, na "Mbege" kwenye pombe ya ndizi na ulezi ni jina la kinywaji chenyewe, hata kama mnywaji wa Dar es Salaam halijui. Wa tatu ni sifa: Bora, Halisi, Asilia, Namba Moja. Kila muuzaji hujisifu, na majisifu hayana mwenyewe. Wakaanga kahawa wana mtego wao wa pekee: AA, AB na PB ni madaraja ya buni, kwa hiyo "Dabo A" haitakufikisha mbali.

Majina ya mahali ndiyo yanayowaponza wengi huku kwetu, kwa sababu mlima unauza. Kilimanjaro na Meru kwenye kahawa husomeka kama asili ya buni. Kama buni kweli zimetoka huko, jina linaeleza. Kama zimetoka kwingine, linapotosha, na hapo umepata sababu ya pili ya kukataliwa. Ethiopia iliionja shida hii mwaka 2005 ilipoomba nchini Marekani alama za Sidamo, Harar na Yirgacheffe: Sidamo na Harar yalikataliwa mwanzoni kwa hoja kwamba ni majina ya kueleza kahawa tu, na ikabidi serikali nzima ipigane.

Tanzanaiti nayo ni funzo kwa wauza vito wa Arusha. Jina hilo lilitungwa na kampuni ya vito ya Marekani, Tiffany & Co. mwaka 1968 ili kulinadi jiwe la Mirerani. Lakini lilitungwa kama jina la jiwe, na leo kila sonara analitumia. Ukibuni bidhaa mpya, ipe majina mawili: moja la aina yake, ambalo wote watalitumia, na moja lako.

Sasa utendaji. Orodhesha majina matano, si moja. Anza na maneno uliyoyaunda mwenyewe, kisha maneno ya kawaida yasiyohusiana na bidhaa, kisha yanayodokeza bila kutaja, kama "Kipupwe" kwa aiskrimu. Yapitishe kwenye kipimo cha pakiti ya mshindani. Yanayobaki, tafuta yanayofanana nayo BRELA kupitia mfumo wa usajili kwa njia ya mtandao (ORS), ukitafuta kwa matamshi pia. Chagua kundi sahihi la bidhaa au huduma, maana alama husajiliwa kwa makundi yenye namba: kahawa, chai, unga na asali viko kundi la 30, bia 32, vito 14, usafiri na kupanga safari 39, malazi na chakula 43. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60.

Wengine huchanganya mambo hapa. Cheti cha jina la biashara, hata kama kimetolewa na BRELA hiyo hiyo, si usajili wa alama. Nembo ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) pia si alama yako.

Ukikataliwa, soma barua uone ni neno gani linalolalamikiwa na una muda gani wa kujibu. Kama ni neno moja ndani ya nembo, unaweza kutamka kwamba hulidai peke yako. Nembo itapita, ila usijidanganye: unamiliki mchoro, na jirani ataendelea kuandika "Kahawa Safi" bila kukuomba ruhusa. Kama umelitumia jina miaka mingi hadi wanunuzi wanalijua kuwa ni lako, thibitisha kwa ankara zenye tarehe, vifungashio vya zamani, matangazo na barua za wauzaji wa jumla. Picha za juzi hazitoshi. Usiporidhika na uamuzi wa Msajili, rufaa iko Mahakama Kuu.

Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Nao ni wa Tanzania Bara tu: kampuni ya Arusha inayouza safari za kupanda mlima pamoja na siku tatu za Nungwi, Zanzibar, inatakiwa kuomba tena huko, kwa sheria ya huko.