Unatengeneza tovuti Goma? Anza na Linux

Ndugu unayejifunza kutengeneza tovuti hapa Goma, kama kompyuta yako ni ya mtumba yenye RAM ya GB 4, weka Linux Mint Xfce, toleo la Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama Windows. Ni ya bure, nyepesi, na seva nyingi za tovuti (kompyuta zinazozihifadhi mtandaoni) zinatumia Linux vilevile. Hilo ni jambo kubwa: kwenye Windows, Picha.jpg na picha.jpg ni faili moja. Kwenye seva ni mbili, na ukikosea herufi kubwa au ndogo kwenye jina, picha uliyoiona vizuri kwako haionekani kwa mteja. Ukiwa na Linux, kosa unaliona mapema. Faili ya kusakinisha inakaribia GB 3, kwa hiyo ikopi kutoka kwa mwenzako aliye nayo usimalize mega zako. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi, uone kama Wi-Fi inashika. Unayehitaji Photoshop, baki na Windows, uongeze WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows.