SOMO: Kutega kambale mtoni kwa ndoano nyingi, kama baba alivyonifundisha Kilombero

Wakuu habari za jioni. Kila nikiweka picha ya kambale naulizwa yaleyale, umemtegaje, ndoano namba ngapi, chambo gani, wiki hii peke yake wameniuliza watu watatu. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hiyo leo naandika yote hapa, atakayeuliza tena nitamwambia arudi asome.

Mimi nimekulia Kivukoni pale, upande wa Ifakara, enzi zile mto tunavuka kwa kivuko daraja halijajengwa. Babu alikuwa mtegaji, baba akafuata, mama ndiye alikuwa anabanika. Uvuvi huu watu wa pwani wanauita kaputi, ndugu zetu wa Ziwa Victoria wanasema migonzo, nyumbani kwetu tulisema tu ndoano za kutega. Ile kamba ndefu baba aliiita mama, na vikamba vinavyoning'inia na ndoano aliviita watoto. Nitatumia majina hayohayo maana sijui kuyasema vingine.

Hatua ya 1. Leseni. Nenda ofisi ya uvuvi ya wilaya yako, uliza na maeneo yaliyofungwa.

Hatua ya 2. Mama. Kamba ya manila nyembamba kidogo kuliko penseli, mita 70 hivi kwa ndoano 30. Anza na 30 usizidishe.

Hatua ya 3. Watoto. Uzi wa nailoni wa kusokota, sio ule mshipi mwembamba unaong'aa, kambale akijizungusha ule unajikunja na kukatika. Urefu wa kila mtoto ni dhiraa moja, yaani kiwiko mpaka ncha ya kidole. Kutoka mtoto mmoja hadi mwingine ni pima moja, nyoosha mikono yote miwili. Hesabu yake ni kwamba watoto wawili jirani hata wakivutana hawafikiani, na wakifikiana tu asubuhi utakuta fungu la ndoano na samaki hakuna. Ndoano namba 7 au 8, na ukumbuke namba ikiwa ndogo ndoano ni kubwa, wengi mnachanganya hapo dukani.

Hatua ya 4. Chambo. Minyoo, utumbo wa kuku, vidagaa, au sabuni. Ndiyo, sabuni ya mche ya kufulia, isiyo na marashi, kata vipande saizi ya kete ya bao. Kambale anatafuta chakula kwa harufu na kwa zile sharubu zake, na sabuni ya mche imetengenezwa kwa mafuta. Faida yake nyingine samaki wadogo hawaidonoi usiku kucha kama wanavyomaliza minyoo.

Hatua ya 5. Kupanga kwenye beseni. Hapa naomba usome taratibu, hata kama mengine umeruka.

Mama inalazwa kwenye beseni kwa mizunguko, kuanzia mwisho wa kamba kuja mwanzo, ili mwanzo uwe juu. Pembeni ya beseni unaweka kipande cha mwanzi uliopasuliwa, na kila ndoano unaipachika kwenye ule ufa kwa mpangilio, ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zimeelekea upande mmoja. Wakati wa kutega unaichomoa moja, inateleza, inakwenda na maji, unafuata nyingine. Hakuna kuruka namba na hakuna kurundika.

Masika ya 1998, baada ya zile mvua za El Nino, mto umejaa mpaka mashamba ya mpunga hayaonekani, nilikuwa na miaka 13 na baba akanipa mimi kupanga. Nikapanga ishirini vizuri, giza likaanza kuingia, nikachoka, zile kumi za mwisho nikazirundika tu juu nikafunika na kitambaa ili asione. Tukaingia mtumbwini, mimi nyuma na kasia, yeye mbele anaachia. Jiwe la kwanza la kuzamisha kamba lilishazama, kwa hiyo kamba imekaza na maji yanatusukuma. Alipofika kwenye zile nilizorundika, moja ikatoka imeshikana na mwenzake, ikaruka, ikamwingia kwenye kiganja chini ya kidole gumba mpaka chembe, kile kijino cha ndoano kinachoizuia isirudi nyuma, ikapotea ndani. Sasa elewa hali ilivyo, mkono umefungwa kwenye kamba, kamba imefungwa kwenye jiwe lililo chini, na mtumbwi unakwenda na maji. Alisema neno moja tu, "kisu", kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaomba chumvi. Nikampa, akakata, mama yote ikaenda na maji.

Kwa hiyo nasisitiza:

Kisu kikali kiwe kimefungwa kwenye mtumbwi mahali ambapo mtegaji anakifikia kwa mkono wowote. Sio mfukoni wala chini ya beseni.

Ndoano ikikuingia na chembe imezama usiirudishe nyuma, inachana nyama. Nenda zahanati na uchomwe sindano ya pepopunda. Baba yeye mganga alimsukumia ndoano mbele mpaka ncha ikatokea upande wa pili, akakata chembe kwa koleo, ndipo akaivuta, na nilishikilia taa nikaona yote.

Usitege peke yako. Mmoja anaachia, mmoja anashika kasia.

Na jambo la nne ambalo lilimuuma baba kuliko mkono. Ile kamba tulikuja kuiona siku ya nne, imenasa kwenye matete chini huko, ina kambale wanne wameoza na mnandi mmoja, yule ndege mla samaki, amekufa na ndoano shingoni. Baba alikaa ukingoni akafungua watoto mmoja mmoja kwa mkono mzima wa kushoto, hakunigombeza. Akasema tu kamba ikibaki majini inaendelea kuvua na hakuna wa kula. Tangu siku hiyo mimi kamba ikinipotea sirudi nyumbani kulala, natafuta.

Hatua ya 6. Kutega. Jua linazama, unafunga mwanzo wa mama kwenye mti hai wenye mizizi, sio matete wala gogo lililokufa maana mto ukipanda usiku vinaondoka. Unakwenda mshazari kuelekea chini ya mto, jiwe katikati, jiwe mwishoni, na kwenye jiwe la mwisho kamba ya boya ili ujue pa kuanzia endapo upande wa mti umekatika. Boya ni dumu la lita tano tu. Usikatize mto mzima, mitumbwi ya wenzako inapita.

Hatua ya 7. Kutoa. Alfajiri kabla jua halijawa kali. Vuta mama kwa mikono miwili taratibu, ukihisi inatetema usiharakishe. Kambale mkubwa akifika juu anajizungusha, mwache amalize, kisha mchukue na wavu wa mkono. Usitie mkono majini, Kilombero ina mamba na ina viboko, na usivute kamba ukiwa umesimama ndani ya maji hata yakiwa ya magoti. Ukihisi uzito unaovuta kwa nguvu tofauti kabisa na samaki, unakwenda unasimama unakwenda, kata. Angalia pia miba miwili ya mapezi ya pembeni, ina meno kama msumeno. Mshike nyuma ya kichwa, vidole nyuma ya miba.

Haya, maswali.

Dogo Msolwa: Mkuu ni ndefu sana sijasoma yote, chambo hasa ni nini?

Jibu: Hatua ya 4.

Dogo Msolwa: Na ndoano namba ngapi?

Jibu: Hatua ya 3. Dogo, soma ya 5 pia, hiyo ndiyo itakayokuokoa mkono wako.

Mtaji Upo: Mimi nataka nianze na ndoano 200, pesa ya vifaa ninayo, nipe mchanganuo.

Jibu: Kaka nimeandika 30. Ndoano 200 ni zaidi ya mita 350 za kamba, hujawahi kutega hata moja, utazitoa saa ngapi? Jua litakukuta umefika ya sitini, zilizobaki samaki wamekufa na kuharibika majini. Siwezi kukupa mchanganuo wa kuozesha samaki.

Mtaji Upo: Basi nitaajiri vijana.

Jibu: Ajiri wanaojua, na uwasikilize.

Mzee wa Ruvu: Kijana umefundisha vizuri ila watoto dhiraa moja ni wafupi. Sisi tulitumia dhiraa mbili na tulipata.

Jibu: Shikamoo mzee. Dhiraa mbili kwa nafasi ya pima moja ndoano zinakutana katikati, pima ni dhiraa nne. Labda nafasi yenu ilikuwa kubwa zaidi?

Mzee wa Ruvu: Marahaba. Ni kweli, tuliacha pima mbili. Umesema sawa, maji yetu yalikuwa yametulia pia.

Jibu: Hapo nimekuelewa mzee, asante. Wanaotega kwenye maji yaliyotulia mchukue hiyo.

Fundi Simu: Sabuni? Unatupotosha. Samaki gani anakula sabuni, na nani atakula samaki aliyekula sabuni?

Jibu: Sijalazimisha mtu, nimetaja minyoo kwanza. Kipande kinabaki kwenye ndoano, matumbo unatoa wakati wa kupasua. Nimekula hao toka sijaota meno. Kama hutaki tumia utumbo wa kuku.

Bint Mahenge: Samahani kaka, naomba kuuliza kitu ambacho si cha kutega. Nikiwa mdogo kila mwanzo wa masika tulikuwa tunaona kambale kwenye madimbwi ya shambani, mbali kabisa na mto, na bibi alisema wametembea. Ni kweli wanatembea au bibi alikuwa anatufurahisha?

Jibu: Dada bibi alisema kweli, na umenifurahisha kuuliza. Kambale mbali na mashavu anayopumulia majini ana kiungo kingine juu yake, kimejigawa matawi kama kichaka kidogo chekundu, kwa hicho anavuta hewa ya juu kama sisi. Ukimpasua kichwa taratibu utakiona. Ndiyo maana anakaa kwenye tope ambalo perege angekufa, na usiku nyasi zikiwa na unyevu anajisukuma kwa ile miba ya pembeni huku anapinda mwili, anahama dimbwi hadi dimbwi. Mwanzo wa mafuriko wanatoka mtoni kwa makundi kwenda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, jike anataga humo, mayai yananata kwenye majani na yanaanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Wengine wanapitiliza hadi kwenye madimbwi ya mashambani, hao ndio mliokuwa mnawaona. Babu yangu wiki zile za kwanza za mafuriko alikuwa hategi kabisa, anasuka madema na kushona wavu, anasema kila jike sasa hivi ana mzigo. Mimi nafuata hivyohivyo hadi leo.

Bint Mahenge: Asante sana kaka, nampigia mama sasa hivi nimwambie.

Msukuma wa Nyegezi: Huku kwetu ukitega migonzo unapata na kamongo. Huyo usimtoe ndoano kwa mkono, anang'ata kweli, tunampiga rungu la kichwa kwanza.

Jibu: Asante mkuu. Sisi kero yetu ni ngogo, mdogo lakini miba yake anaisimamisha ikajifunga hairudi. Mfunike na gunia kabla hujamgusa.

Baba Neema, St. Louis: Nipo Marekani, jimbo la Missouri, huku na wao wanatega hivihivi na samaki ni wa jamii za kambale. Sheria ya jimbo ni mtu mmoja asizidishe ndoano 33 na lazima uikague kamba yako kila baada ya saa 24. Niliposoma 30 yako nikashangaa.

Jibu: Kaka hii imenigusa. Baba hakuwahi kusoma sheria ya Missouri, yeye alihesabu tu ni ngapi anaweza kuzitoa kabla jua halijapanda. Huko wanatumia chambo gani?

Baba Neema, St. Louis: Maini ya kuku sana, na vipande vya samaki. Na sabuni pia wapo, wazee wa vijijini.

Jibu: Fundi Simu pita hapa.

Mama Jamal: Jamani mimi nina swali la jikoni. Kambale ana harufu ya tope na utelezi, watoto wangu wanakataa. Mnafanyaje?

Jibu: Mama, akiwa hai mwache kwenye pipa la maji safi usiku mmoja, badilisha maji mara mbili, harufu nyingi inaisha hapo. Utelezi sugua na majivu makavu mpaka ngozi iwe inakwaruza mkono, suuza, kisha limau na chumvi. Sasa kubanika, mama yangu alikuwa anamkunja mzima, anaingiza mkia mdomoni, anachoma kijiti kupitia hapo ili asifunguke, anakuwa duara kama kata ya kubebea maji. Anawapanga juu ya uchaga, kuni za mwembe, moto mdogo, siku nzima na usiku, anawageuza kila akiamka. Wakikauka vizuri ukimgonga kwa kucha analia kama gome la mti. Huyo unamloweka kwenye maji ya moto dakika chache, unamchambua miiba, unamtia kwenye tui na bamia.

Mama Jamal: Tui la kwanza au la pili?

Jibu: La pili achemke nalo mpaka alainike, la kwanza mwishoni kabisa, na usiache kukoroga lisije likakatika.