Kutafuta kikwazo na kupunguza upotevu katika kiwanda cha sembe

Mwenye kiwanda cha sembe anayeona kwamba uzalishaji wake ni mdogo, mara nyingi huwa ameshaulizia bei ya mashine mpya ya kusaga kabla hajajua ni hatua ipi inayomchelewesha. Mashine ya kusaga ndiyo yenye kelele kuliko zote, kwa hiyo lawama huiangukia. Mwongozo huu unafuata utaratibu mwingine: kwanza kuitafuta hatua inayozibana nyingine zote, kisha kuilinda, na ndipo kushughulikia upotevu kwa kuanzia pale unapoumiza zaidi. Upotevu hauna uzito uleule kila mahali. Saa inayopotea kwenye kikwazo imepotea kwa kiwanda kizima, ilhali saa inayookolewa kwenye hatua yenye nafasi ya ziada haiongezi hata kiroba kimoja.

Kupima kila hatua kwa kipimo kimoja

Katika kiwanda cha kawaida cha sembe, mahindi hupokewa na kupimwa, husafishwa, hulowanishwa maji kidogo ili ganda lilegee, hukobolewa, husagwa, kisha unga hufungashwa na viroba hushonwa. Ugumu wa kulinganisha hatua hizi ni kwamba kila moja ina lugha yake: mwendesha mashine ya kukoboa huhesabu magunia ya mahindi yaliyoingia, mfungashaji huhesabu viroba vilivyotoka, na kati yao kuna pumba zilizoondoka njiani. Kwa hiyo badili kila kitu kiwe kilo za unga. Ikiwa katika kiwanda chako kila kilo 100 za mahindi hutoa kilo 75 za sembe, mashine inayokoboa kilo 1,200 za mahindi kwa saa ihesabiwe kuwa na uwezo wa kilo 900 za unga.

Tuchukue kiwanda cha mfano kinachofanya kazi kwa zamu moja ya saa 8, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Kwa saa moja, sehemu ya kusafisha inaweza kupitisha kiasi cha kutosha kilo 1,500 za unga, kukoboa kilo 900, kusaga kilo 1,000, na kufungasha viroba 30 vya kilo 25, yaani kilo 750. Anayetazama tarakimu hizo tu atasema kikwazo ni ufungashaji. Hata hivyo, jioni ikifika kiwanda kimetoa viroba 198, sawa na kilo 4,950, na wafungashaji wanaapa kwamba wamekaa wakisubiri unga. Wanasema kweli, kwa sababu uwezo wa mashine kwa saa haueleweki mpaka uzidishwe kwa saa ambazo mashine hiyo imefanya kazi kwelikweli. Wafungashaji wako tayari kwa saa 7 na nusu, hivyo wangeweza kutoa kilo 5,625. Mashine ya kukoboa, ambayo kila mtu anadhani inafanya kazi kutwa, kwa hakika hukoboa kwa saa 5 na nusu tu.

Daftari la kusimama

Hilo la saa 5 na nusu halionekani kwa macho. Tundika saa ukutani karibu na mashine unayoishuku, weka daftari na kalamu iliyofungwa kwa kamba, na umwombe mwendesha mashine aandike kila mashine inaposimama: imesimama saa ngapi, imewaka saa ngapi, na kwa sababu gani. Sababu iandikwe kwa maneno ya kawaida. Wiki moja inatosha kuanzia. Watangazie wafanyakazi mapema kwamba hakuna atakayekatwa mshahara kwa yatakayoandikwa, na uitimize ahadi hiyo, kwa maana daftari linalotumika kutafuta wa kumwadhibu huanza kudanganya siku ya pili, na daftari linalodanganya ni bora lisiwepo.

Katika kiwanda chetu cha mfano, dakika 150 zinazopotea kwa siku ziligawanyika hivi: dakika 54 za chakula cha mchana, ambacho kwenye ratiba ni dakika 45; dakika 36 za kubadilisha magunia ya pumba, mara 24 kwa siku, kila mara dakika moja na nusu; dakika 28 za kuchelewa kuanza asubuhi; dakika 20 za kusubiri mahindi yaliyosafishwa; na dakika 12 za mkanda kuteleza. Zingatia kwamba ubovu wa mashine, ambao ungetajwa wa kwanza kama ungewauliza watu kwa mdomo, ndio uliokula dakika chache kuliko yote. Mkanda ukikatika watu husimulia wiki nzima. Gunia la pumba likijaa, mtu anazima mashine, anafunga gunia, analivuta pembeni, anatega jingine, anawasha, na hakuna anayekumbuka kwamba mashine ilizimwa.

Kukamua saa zilizopo kabla ya kununua mashine

Hatua inayofuata ni kuzirudisha dakika hizo, ukianza na zile zisizohitaji fedha. Chakula cha mchana kipangwe kwa kupokezana, ili mtu wa kusafisha, ambaye sehemu yake ina nafasi kubwa ya ziada, ashike mashine ya kukoboa wakati mwenzake anakula. Bila shaka awe amefundishwa kwanza, na asiachiwe mashine ambayo hajui kuizima kwa dharura. Kwa magunia ya pumba, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza bomba la kutolea lenye midomo miwili na kibao cha kugeuza katikati, ili gunia moja likijaa pumba zielekezwe upande wa pili bila kuzima chochote. Hatua hizi mbili peke yake hurudisha dakika 90. Mashine iliyokuwa ikifanya kazi saa 5 na nusu sasa inafanya saa 7, na uwezo wake kwa siku umepanda kutoka kilo 4,950 hadi 6,300.

Ili ujue ni kiasi gani kinafaa kutumiwa katika marekebisho kama hayo, tafuta thamani ya saa moja ya kikwazo. Tuseme kila kilo ya unga hukubakizia shilingi 150 baada ya kutoa gharama ya mahindi, mfuko na umeme. Basi saa moja ya kukoboa ni shilingi 135,000. Ukiwa na tarakimu hiyo mkononi, mjadala wa kuweka mkanda na beringi za akiba stoo, badala ya kumtuma mtu mjini mashine ikiwa imelala, unakwisha upesi. Umeme ukikatika na jenereta ikawa haina nguvu ya kutosha kiwanda kizima, kikwazo kiwe cha kwanza kuunganishwa.

Mbele ya mashine ya kukoboa pasikose mahindi yaliyo tayari. Akiba ya saa moja, yaani kilo 1,200 au magunia 12 ya kilo 100, inatosha kuikinga dhidi ya hitilafu ndogo katika usafishaji. Ila isizidi sana hapo. Sehemu ya kusafisha ina uwezo mkubwa kuliko kikwazo, na ikiachiwa iende kasi yake, kufikia saa sita mchana sakafu yote itakuwa imejaa magunia yanayosubiri, yakizuia njia na kukaribisha panya. Mimi huangalia kwanza namna vibarua wanavyolipwa. Ikiwa wasafishaji wanalipwa kwa gunia, watasafisha mahindi ambayo hayatakobolewa leo wala kesho, na huwezi kuwalaumu. Walipwe kwa siku, au kwa idadi ya viroba vilivyotoka kiwandani, na wajue kwamba kusimama wakati akiba imejaa si uvivu. Kwa wasimamizi wengi hili ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa tumelelewa kuamini kwamba mtu aliyesimama ni hasara.

Kikwazo kinapohama

Uwezo wa kukoboa umefika kilo 6,300, lakini jioni ghala litapokea kilo 5,625 tu, kwa sababu sasa ufungashaji ndio unaobana. Hapa wengi hukata tamaa au hurudi kulekule kwenye mashine ya kukoboa waliyoizoea. Kinachotakiwa ni kuhamisha saa ya ukutani na daftari hadi kwenye meza ya kufungashia, kisha kusimama kimya pembeni kwa nusu saa.

Utakachokiona kwa kawaida ni hiki. Mfungashaji anafungua mdomo wa kiroba kwa kukipuliza, anakijaza kwa kukadiria, anakibeba hadi kwenye mizani iliyo hatua nne kutoka pale, anaona kimepungua, anarudi kuchota kwa bakuli, anaongeza, kinazidi, anapunguza, ndipo anampa mwenzake ashone. Naye mwenzake uzi ukikatika anainuka kwenda kutafuta sindano ofisini. Hayo yote ni dakika 2 kwa kiroba. Mizani ikihamishwa ikawekwa chini ya mdomo wa kutolea unga, viroba vikafunguliwa midomo na kupangwa kabla ya zamu kuanza, na uzi na sindano za akiba zikaning'inizwa kwenye mashine ya kushonea, kiroba kitachukua sekunde 100. Hizo sekunde 20 zinatoa viroba 36 kwa saa badala ya 30, ambavyo ni kilo 900, na kwa saa 7 na nusu ni kilo 6,750. Kikwazo kinarudi kwenye kukoboa, kiwanda kinatoa viroba 252 badala ya 198, na hakuna mashine iliyonunuliwa.

Upotevu wa mali

Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota aliyeupanga upotevu wa kiwandani katika mafungu 7, aliuita kwa Kijapani “muda”. Neno hilo kwao humaanisha jambo lisilo na faida, lakini msomaji wa Kiswahili atakubali kwamba limeangukia mahali pake. Kuhusu upotevu wa muda nimekwisha kusema vya kutosha. Unaobaki ni wa mali, nao una kanuni yake: kilo iliyomwagika kabla ya kikwazo imekugharimu bei ya mahindi, wakati kilo iliyomwagika baada ya kikwazo imekugharimu mahindi pamoja na nafasi ya mashine ambayo hairudi.

Kwa hiyo anza mwisho wa mstari. Kiroba kinachozidi gramu 200 huonekana kama ukarimu mdogo, na wafungashaji hupenda kuzidisha kwa kuogopa maafisa wa Wakala wa Vipimo, jambo ambalo lina mantiki, kwani kupunja ni kosa la kisheria. Lakini gramu 200 kwa viroba 198 ni karibu kilo 40 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya tani moja, sawa na viroba 41 vilivyotolewa bure. Mizani ikaguliwe kila asubuhi kwa jiwe la uzito unaojulikana, na mfungashaji apewe kiwango cha juu cha kuzidisha, si cha chini peke yake.

Kisha rudi kwenye pumba. Chota konzi moja inayotoka mashineni, itandaze kwenye ungo na uitikise. Ukiona chenga nyingi nyeupe zimebaki, unauza unga wako kwa bei ya chakula cha mifugo: huenda mashine imebanwa kupita kiasi, wavu umetoboka, mahindi yamelowanishwa bila mpangilio, au punje kubwa na ndogo zimechanganywa. Pumba za kila zamu zipimwe na kuandikwa. Kwa kiwanda kinachokoboa kilo 6,600 za mahindi kwa siku, kila asilimia 1 inayohama kutoka kwenye unga kwenda kwenye pumba ni kilo 66.

Mwisho ni lango la kupokelea. Kipimo cha unyevu hakigharimu sana ukilinganisha na kinachozuia. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi makavu hakizidi asilimia 13.5 ya unyevu; ukipokea mahindi yenye asilimia 18 na kuyakausha hadi hapo, kila kilo 100 ulizolipia zinabaki chini ya kilo 95, na zaidi ya kilo 5 ulizonunua kwa bei ya mahindi zilikuwa maji. Ukiyahifadhi bila kuyakausha, unakaribisha sumukuvu, ambayo inaweza kukulazimu kutupa shehena nzima. Mahindi yanunuliwe kwa kilo, yapimwe mbele ya aliyeyaleta, na bei ipungue kulingana na unyevu. Gunia lisilopimwa, liwe lumbesa au la kawaida, haliingii katika hesabu yoyote kati ya hizi.

Itafika siku viroba vitaanza kulala ghalani wiki mbili, tatu, mashine zote zikiwa salama. Siku hiyo kikwazo kimetoka nje ya kiwanda na kukaa sokoni, na kuendelea kukoboa kwa saa 7 ni kugeuza fedha taslimu kuwa unga unaozeeka. Punguza saa za mashine ya kukoboa hadi zilingane na mauzo ya wiki iliyopita, na zile zinazobaki zitumie kugeuza nyundo za mashine ya kusaga upande ambao haujalika, kubadilisha wavu, na kumwachia mtu wa ufungashaji nafasi ya kuwazungukia wenye maduka.