Vidaka vinapukutika? Wafungulie njia maji moto

Mkorosho na kunde hutoa utamu nje ya maua, chungu wakaufuata, nao huwashambulia wadudu waharibifu. Mnazi pia una mlinzi, maji moto, yaani chungu wanaoshona majani kuwa viota, ila mara nyingi sisi ndio tunaomfungia njia.

Okota vidaka, yaani nazi changa, vilivyoanguka. Tundu lililogugunwa ni la panya. Kovu refu lililozama, lenye utomvu ulioganda, ni kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi, aliyepewa jina la M. J. Way, mtafiti wa maji moto hapa Zanzibar miaka ya 1950. Kunguni hufyonza kidaka kikiwa kichanga. Ukiliona kovu, keshaondoka.

Tafuta mwembe, mchungwa au mkarafuu wenye viota vya majani yaliyoshonwa. Funga kamba ya makumbi kutoka hapo hadi kwenye mnazi, juu ya kichwa cha mpita njia, kisha mnazi hadi mnazi. Wakipita chini hukutana na chungu wadogo wa kahawia, wenye askari wa vichwa vikubwa, na hao huwashinda.

Kuhamisha viota ni njia ya pili, na wengi hukosea hapa. Kundi lina malkia mmoja, aliyejificha kwenye kiota kimojawapo, aghalabu juu kabisa. Ukiwachukua chungu wafanyakazi peke yao, watakufa mmoja mmoja bila kuzaliwa wengine. Usichanganye makundi mawili. Kujua kama ni kundi moja, weka tawi la huku kwenye mti wa kule; wakiumana, si ndugu. Kata viota alfajiri, wengi wakiwa ndani, utie guniani na kufunga mdomo.

Chini ya minazi usipalilie hadi mchanga uonekane. Shamba jeupe huwapa nguvu wale wadogo wa kahawia. Fyeka tu, na panda michungwa katikati. Majani yake hushoneka vizuri. Dawa ya wadudu usipige, itawaua walinzi kwanza.

Mkwezi atalalamika, na ana haki. Apake majivu mikononi na miguuni, wasimshike vizuri. Kwenye mikarafuu, maji moto huwafuga wadudu gamba kama ng'ombe wa maziwa, basi angalia wasizidi. Na chonga, mende mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, hawamwezi: huyo mtoe kwa waya kwenye kilele, na magogo yaliyooza yachome.